Pasipoti Hufungua Mpaka, Wodi Ina Ufunguo Wake: Matibabu na Mafao kwa Anayerejea Kutoka Ughaibuni

Tuanzie hospitalini, maana huko ndiko watu wengi hugundua jambo hili wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Ndugu wawili, raia wa Uingereza wa kuzaliwa, waliondoka kwao miaka ishirini iliyopita. Wiki hii wametua London kwa ndege moja. Mmoja amekuja harusini na baada ya siku kumi atarudi alikotoka. Mwenzake ameuza nyumba, ameacha kazi, na vyombo vyake viko baharini ndani ya kontena. Siku ya tatu wote wawili wanashikwa na mawe ya figo. Idara ya dharura inawapokea bila kuwadai senti. Lakini daktari akishasema walazwe, anatokea ofisa mwenye fomu mkononi na swali moja: umekuja kutembea, au umerudi kuishi?

Aliyerudi kuishi hatalipa kitu, ingawa ana siku tatu tu nchini. Aliyekuja harusini ataandikiwa ankara, na katika hospitali za umma za England ankara hiyo hupigwa kwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya matibabu. Pasipoti zao ni za rangi moja. Ugonjwa wao ni mmoja. Yule wa harusini atasema, "Lakini mimi ni raia, na nililipa kodi hapa miaka kumi na mitano!" Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linalomsaidia.

Kosa lake ni la watu wengi, na mimi simcheki. Tumezoea kudhani kwamba uraia ni ufunguo wa kila mlango. Uraia unakupa haki ya kuingia nchini mwako na kutofukuzwa. Ukishavuka mpaka, karibu kila kitu chenye thamani ya fedha kina ufunguo mwingine: unaishi wapi, ulichangia nini, una kipato gani. Kinachovuruga watu vichwa ni kwamba kila huduma ina kufuli lake. Mtu huyohuyo, wiki hiyohiyo, anaweza kustahiki kupasuliwa bure, asistahiki msaada wa kulipa kodi ya nyumba, na akastahiki pensheni aliyoichangia akiwa kijana. Atazunguka madirisha matatu na kupata majibu matatu yanayopingana, na makarani wote watatu watakuwa sahihi.

"Kuishi" maana yake nini

Nchi ambazo matibabu yake yanagharimiwa na kodi ya wote hupima ukaazi. Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu kipimo chake kiliandikwa wazi na mahakama, tena katika kesi isiyohusu hospitali hata kidogo. Mwaka 1982 majaji wa ngazi ya juu kabisa walikuwa wakisikiliza madai ya wanafunzi waliotaka kulipiwa masomo na halmashauri za mitaa. Ili kuamua, iliwabidi waseme nani ni mkaazi wa kawaida. Wakasema ni mtu anayeishi mahali kwa hiari yake, kwa lengo la kutulia, kama sehemu ya mpangilio wa kawaida wa maisha yake kwa wakati ule. Sentensi hiyo ya ada za masomo ndiyo inayoamua hadi leo nani alipe kitanda cha wodini.

Itazame vizuri. Haisemi miezi mingapi. Haisemi lazima ukae milele. "Kwa wakati ule" inatosha. Ndiyo maana aliyerudi kuishi anahesabiwa tangu siku anayoshuka kwenye ndege. Lakini hiyo ina upande wake wa pili: kwa kuwa hakuna idadi ya siku, hakuna pia cheti cha kuonyesha. Unachotakiwa kuthibitisha ni nia, na nia haipigwi muhuri. Inasomwa kutokana na karatasi za kawaida kabisa.

Nchi nyingine zimeamua kuhesabu siku. Kanada huiachia kila jimbo liendeshe bima yake ya afya, ila sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 inakataza kipindi cha kusubiri kuzidi miezi mitatu. Ndani ya kikomo hicho majimbo yanatofautiana. Ontario, kwa mfano, iliondoa kipindi chake mwaka 2020 wakati wa janga la korona. Ufaransa inataka miezi mitatu ya ukaazi kwa mtu anayeomba bima kwa kigezo cha kuishi tu, lakini akianza kazi, kazi yenyewe inamwingiza kwenye bima bila kungoja. Ireland haitazami nyuma, inatazama mbele: unahesabiwa mkaazi ukiwa unakusudia kuishi huko angalau mwaka mmoja.

Kwa hiyo, anayerejea Kanada akiwa na ugonjwa wa sukari anahitaji kuuliza jimbo analokwenda kuishi, kabla hata ya kukata tiketi, na kubaki na bima ya binafsi kwa miezi ya kati kama jimbo linasubirisha. Anayerejea Uingereza hahitaji bima hiyo, anahitaji bahasha ya karatasi.

Ujerumani ina mantiki yake ya pekee. Huko kila mkaazi lazima awe na bima, na anayerejea bila bima yoyote hurudishwa kwenye mfumo aliokuwamo mara ya mwisho kabla hajaondoka: kama alikuwa bima ya umma, huko huko, kama alikuwa bima ya binafsi, huko huko. Uamuzi aliofanya akiwa na miaka thelathini, pengine kwa sababu bima ya binafsi ilikuwa nafuu kwa kijana mwenye afya, unamngoja uwanja wa ndege. Na akiwa amevuka miaka 55 bila kuwa ndani ya bima ya umma katika miaka mitano iliyotangulia, kwa kawaida hata ajira mpya haimfungulii mlango wa kurudi humo.

Pesa mkononi ni habari nyingine

Matibabu yakishapatikana, watu hudhani ruzuku nazo zitafuata mkondo huohuo. Hazifuati. Serikali huwa na mkono mwepesi zaidi kwa mgonjwa kuliko kwa mtu anayeomba pesa.

Uingereza ilianza mwaka 1994 kuwapima waombaji wa ruzuku zinazotegemea kipato kwa kigezo cha ukaazi wa mazoea. Neno "mazoea" ndilo lenye mtego. Mazoea hayajengwi kwa siku moja, kwa hiyo mbali na nia, mwombaji alitakiwa awe amekaa "muda wa kutosha". Muda gani? Sheria haikusema. Kwa kawaida ulikuja kuwa kati ya mwezi mmoja na mitatu. Na kipimo hiki kinawahusu raia pia.

Raia mmoja, Bw. Swaddling, alijaribiwa nacho barabara. Alikuwa amefanya kazi Ufaransa kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya ujana. Mwajiri wake akaanguka kibiashara, kazi ikakosekana, na Januari 1995 akarudi Uingereza kuishi kwa ndugu yake. Alisema hataki tena kazi ya kumweka nje ya nchi kwa muda mrefu. Akaomba ruzuku ya kipato. Wakubwa wakaanza kubishana: ana nia ya kukaa, sawa, lakini je, amekaa muda wa kutosha? Ikaonekana kwamba alipaswa kutimiza wiki nane kwanza. Wiki nane za nini hasa? Za kula chakula cha ndugu yake. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Februari 1999 ikaamuliwa kwamba mtu aliyetumia haki yake ya kwenda kufanya kazi nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, kisha akarudi kwao kwa ndugu zake na kutaka kubaki, hawezi kunyimwa kwa sababu tu siku zake ni chache. Muda wa kukaa ni moja ya dalili za ukaazi. Si sehemu ya maana yake.

Oktoba mwaka huohuo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza yenyewe ikaamua kesi ya Bi. Nessa, aliyetoka Bangladesh akiwa na haki kamili ya kuishi Uingereza lakini hajawahi kukaa huko. Kwake yeye wakasema muda wa kutosha ni lazima. Ila wakaacha mlango nusu wazi: wapo watu ambao hawaji mara ya kwanza, bali wanauendeleza ukaazi waliokuwa nao zamani, na hao wanaweza kuhesabiwa mapema zaidi. Hapo ndipo anayerejea anapopaswa kusimama. Anapojaza fomu, tofauti kati ya "nimehamia" na "nimerudi" inaweza kuwa tofauti ya miezi miwili ya kodi ya nyumba. Asiseme tu kwamba ni raia. Aseme aliishi wapi kabla ya kuondoka, aliondoka kwa sababu gani, alibakiza nini nyuma, na kilichomrudisha.

Ireland, iliyoanzisha kipimo cha aina hiyo Mei 2004, imesaidia kwa kuandika mambo matano ambayo ofisa anayapima: urefu na mfululizo wa makazi yako, urefu wa kutokuwapo kwako na sababu yake, historia ya kazi, mahali ulipo moyo wa maisha yako, na mipango yako ya mbele. Hata kama hurejei Ireland, orodha hiyo ni mwongozo mzuri wa kupanga bahasha yako.

Katika bahasha yaingie nini? Tiketi ya kwenda bila kurudi. Barua ya mwajiri wa kule ikisema kazi imekwisha na tarehe. Hati ya mwenye nyumba kwamba mkataba wa kupanga umefungwa. Taarifa ya benki inayoonyesha akaunti ya kule imezimwa. Barua ya shule mpya ya watoto. Na hati ya shehena ya samani, ambayo watu huitupa pindi kontena linapofunguliwa. Karatasi hiyo chafu yenye madoa ya kahawa ina uzito kuliko hati ya kiapo. Mtu anaweza kuapa lolote. Lakini hakuna anayelipa nauli ya kochi kuvuka bahari kwa ajili ya harusi ya siku kumi.

Zipo pia ruzuku zisizojali kipato wala nia, zinahesabu wiki. Msaada mkuu wa watu wazima wenye ulemavu katika England na Wales unataka uwe umekuwapo nchini wiki 104 kati ya 156 zilizopita, yaani miaka miwili kati ya mitatu, ingawa kuna misamaha kwa baadhi ya watu. Aliyerudi kwa sababu amepooza, akitafuta kuwa karibu na jamaa zake, atatibiwa siku ya kwanza na huenda akangoja miaka miwili kupata pesa za kumlipa wa kumsaidia kuoga. Kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo kikali kuliko vyote, kwa sababu kinamwangukia hasa yule ambaye ugonjwa ndio uliomrudisha.

Michango iliyotawanyika

Pensheni na bima za uchangiaji zina tabia tofauti kabisa. Hapa hakuna anayekuuliza kochi lako liko wapi. Swali ni ulichangia lini na kiasi gani.

Marekani inawapa wazee bima ya matibabu ya Medicare kuanzia miaka 65. Sehemu ya hospitali haina malipo ya kila mwezi kwa aliyechangia robo-mwaka 40, yaani takriban miaka kumi ya kazi. Sehemu ya madaktari inalipiwa kila mwezi. Sasa fikiria mstaafu wa Kimarekani anayeishi nje. Medicare hailipi matibabu ya nje ya nchi isipokuwa katika hali chache sana. Mtu mwenye akili timamu ataona hakuna maana ya kulipia kila mwezi bima asiyoweza kuitumia, naye ataacha. Akirudi akiwa na miaka 69 ndipo anapoonyeshwa adhabu: asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Miaka minne ni asilimia 40 juu ya ada ya kawaida, na nyongeza hiyo haiishi. Ataibeba hadi kufa. Anayenusurika ni yule ambaye muda wote huo yeye au mwenzi wake alikuwa bado kazini na akakatiwa bima na mwajiri, kwa sababu huyo hupewa miezi minane ya kujiandikisha bila adhabu kazi ikishaisha. Aliye chini ya miaka 65 ana saa nyingine inayomgongea: siku 60 tangu kuhamia ili anunue bima katika soko la serikali bila kungoja msimu wa uandikishaji.

Sheria hii haikutungwa kwa nia mbaya. Ilikusudiwa kuzuia watu wasijiunge wanapougua tu. Ila waliokuwa ng'ambo walinaswa kwenye wavu uliotegwa kwa ajili ya wengine.

Tatizo jingine ni la mtu aliyefanya kazi nchi mbili au tatu na kila nchi ikamwambia miaka yake haitoshi. Dawa yake ni mikataba ya kujumlisha vipindi vya uchangiaji. Inavyofanya kazi si vigumu kuelewa ukiona hesabu yake. Chukua nchi mbili, A na B. Nchi A inataka miaka 15 ndipo ilipe pensheni. Umefanya kazi miaka 8 huko na 10 katika B. Bila mkataba, A inakwambia pole. Penye mkataba, A inaikopa miaka ya B kwa ajili ya kuvuka kizingiti tu: 8 na 10 ni 18, umevuka. Kisha inapiga hesabu ya pensheni ambayo ungepata kama miaka yote 18 ungeifanyia kwake, na inakulipa sehemu 8 kati ya 18 za kiasi hicho. B nayo inalipa fungu lake. Unapokea malipo mawili madogo kutoka ofisi mbili. Hakuna nchi inayoihamishia nyingine michango yako, ingawa watu wengi huamini hivyo na kukaa wakingoja fedha "zihamishwe".

Umoja wa Ulaya unafanya hivi kwa nchi zake zote kupitia kanuni namba 883 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Mei 2010. Marekani ina mikataba ya nchi mbilimbili, wa kwanza ulianza kazi na Italia mwaka 1978, na inataka uwe na angalau robo-mwaka 6 za michango yake kabla haijakujumlishia za wengine.

Kanuni hiyo ya Ulaya inaamua pia nani alipe matibabu ya mstaafu anayerejea, na hapo pana fundo ambalo hata makarani hujikwaa. Mreno aliyefanya kazi maisha yake yote Ujerumani na kustaafu kwa pensheni ya Ujerumani pekee, akirudi Ureno, gharama zake ziko juu ya Ujerumani. Anachukua fomu ya S1 kutoka bima yake ya kule na kuiandikisha Ureno. Lakini kama kabla ya kuondoka alifanya kazi kidogo Ureno na sasa anapata kipensheni cha huko pia, hata kiwe kiduchu, mzigo unahamia Ureno, kwa sababu nchi anayoishi ikimlipa pensheni yoyote ndiyo inayobeba matibabu yake. Kwake mwenyewe wodi ni ileile. Tofauti ni dirisha la kwenda kuandikishwa, na akienda lisilo lake anaweza kurudishwa huku na huku kwa wiki kadhaa.

Na pasipo na mkataba je? Hapo ndipo walipo wengi waliofanya kazi nchi za Ghuba. Huko wageni kwa kawaida hawaingizwi kwenye pensheni ya taifa. Hupewa kiinua mgongo. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu sheria ya kazi inahesabu mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo, jumla isivuke mshahara wa miaka miwili. Ukishalipwa, mmeachana. Miaka kumi na miwili ya jasho haiongezi hata mwezi mmoja kwenye hifadhi ya jamii ya nchi yako, isipokuwa ulikuwa ukichangia mwenyewe kwa hiari ukiwa hukohuko. Nchi zenye mpango wa kuchangia kwa hiari ni nyingi kuliko raia wanaoujua, na swali hilo lafaa kuulizwa mwaka wa kwanza wa kazi, kwa kuwa mapengo ya zamani hayazibiki kila mahali.

Mwenzi uliyerudi naye, na ukiondoka tena

Raia anayerudi na mwenzi wa kigeni huchukulia kwamba familia ni kifurushi kimoja. Kwenye karatasi kila mtu anasimama kivyake. Raia wa Uingereza anatibiwa bila ada tangu siku ya kwanza, wakati mkewe au mumewe wa kigeni, ili apate viza, hutozwa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na kwa kawaida viza hiyo inamkataza kuomba ruzuku za umma kwa jina lake.

Na kuna wale wanaorudi, wakaona mambo sivyo walivyoyakumbuka, wakafungasha tena. Australia iliwawazia mapema. Mkaazi wa zamani aliyerejea na kuanza kulipwa pensheni ya uzee, akiondoka kabla ya kutimiza miaka miwili, malipo yanasimama. Kanada inauliza umeishi kwake miaka mingapi tangu ulipotimiza 18: kumi inatosha kupokea pensheni ya uzee ukiwa ndani ya nchi, lakini kuendelea kuipokea ukiwa nje kwa zaidi ya miezi sita kunataka ishirini, isipokuwa mkataba na nchi unayoishi ukujazie pengo.

Uingereza ina kioja chake. Mstaafu wake anayeishi Kanada au Australia hulipwa pensheni iliyogandishwa: kiwango alichoanza nacho hakipandi, mwaka nenda mwaka rudi, huku cha wenzake walio nyumbani kikipandishwa kila Aprili. Akirejea kuishi Uingereza, pensheni yake inarukishwa hadi kiwango cha sasa, nyongeza zote alizozikosa zikiingia kwa pamoja. Hata akija kutembea tu anaweza kudai kiwango hicho kwa siku alizokuwapo. Siku akirudi Toronto, inashuka tena pale ilipokuwa.